Mwalimu wa ndoa alimwambia mume wangu amwekee mamake mipaka, akatoka darasani

Shangazi, assalam aleikum.

Mimi ni mwanamke wa Mombasa, nimezaliwa na kulelewa Mji wa Kale. Babu mzaa baba alikuja na jahazi kutoka Shihr, Hadhramaut, na kwetu tunahesabiwa Waarabu mpaka leo, ingawa nyumbani ni Kiswahili tu na Kiarabu changu ni cha chuoni. Nimeolewa na kijana wa Kiyemeni aliyezaliwa Marekani, mji wa Dearborn, jimbo la Michigan. Wazee wake ni watu wa Ibb, huko Yemeni. Babake alifanya kazi katika kiwanda cha magari cha River Rouge mpaka akastaafu. Posa ililetwa kwa heshima, nami nikaridhia kwa moyo wangu. Huu ni mwaka wa pili.

Mume wangu si mtu mbaya. Hanitukani, hanipigi, hanifichi kitu. Nikikosea Kiarabu hucheka kisha hunifundisha. Shida yetu ni nyumba. Sisi tunaishi juu, wazee wake chini, na mavyaa ana ufunguo wetu. Hupanda wakati wowote. Mara nyingine natoka kuoga nimejifunga kanga tu, namkuta jikoni anapanga upya vyombo vyangu. Tukigombana usiku, asubuhi mume wangu huteremka kunywa chai kwa mamake, na nikishuka mimi nakuta wote wanajua. Sehemu ya mshahara wake huenda kwa babake na sehemu kwa jamaa wa Ibb, nami nikitaka kumtumia mamangu kitu Mombasa naona haya kuomba. Wakija wageni, mavyaa hunijulisha kwao: "Huyu mke wa mwanangu, yule wa Afrika." Hasemi kwa ubaya. Lakini mimi niliyekuwa Mwarabu kwetu, huku sijui nimekuwa nani.

Mimi ndiye niliyemshawishi twende kwenye darasa la wanandoa lililoandaliwa na kituo kimoja cha huduma za jamii, mji wa jirani. Lilikuwa la bure, jioni, na chakula juu yao. Mwanzo tulipewa fomu ndefu: kipato, rangi, kama tumewahi kupigana, kama tunafikiria kuachana. Penye rangi mume wangu alitia alama Mzungu, kwa kuwa hapakuwa na nafasi ya Mwarabu. Mimi niliacha wazi. Kisha mwalimu, mama mpole kwa kweli, akatusimamisha mbele ya wenzetu tuelezane yanayotuudhi, macho kwa macho. Nikataja ufunguo. Mwalimu akamgeukia mume wangu, akamwambia ni lazima amwekee mamake mipaka kwani mke ndiye familia yake sasa. Mume wangu akachukua koti lake akatoka. Kwenye gari alisema, "Yule anataka nimtupe mamangu mbele ya watu." Tangu hapo hataki kusikia habari ya darasa. Nilimwendea imamu, naye akaniambia nivute subira.

Kuna jambo jingine, sijui kama lina uzito. Wifi yangu mkubwa alikwama Djibouti na watoto wake, viza ilipozuiwa, na ilichukua miaka kabla hawajaonana na mavyaa. Mpaka leo simu ikilia usiku mavyaa hushtuka.

Nimlazimishe turudi? Kuna mafunzo ya ndoa yanayowafaa watu kama sisi, au mila ni kichaka tu anachojifichia mume wangu? Na akikataa kabisa, niende peke yangu?

Mgeni wa Dearborn

*

Wa aleikum salaam, mwanangu.

Umesema hakupigi wala hakutukani, nami nakuamini. Hata hivyo nitaanza na jambo moja, kwa sababu barua hii itasomwa na wengine ambao hawako salama kama wewe. Mwanamke anayepigwa, anayefichiwa pasipoti au anayetishiwa kwamba karatasi zake zitafutwa, asiende darasa la wanandoa na mtu huyo. Atakayoyasema darasani yatalipwa nyumbani. Atafute mwanasheria na kituo cha kulinda wanawake. Wanaoingia Marekani kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka miwili hupewa kadi ya ukaazi ya masharti, ya miaka miwili, na kwa kawaida mume na mke huomba pamoja masharti yaondolewe katika siku 90 za mwisho. Lakini sheria inamruhusu mke aliyeteswa kuomba peke yake, bila sahihi ya mume. Wengi hawalijui hilo, na kutojua kwao ndiko kunakowafunga.

Sasa twende kwako.

Mwalimu wenu alikosea, na kosa lake si upole wala ukali. Alikosea kwa kuhesabu watu wawili katika ndoa yenye watu sita au saba. Madarasa ya namna hiyo yapo Marekani nzima. Kuanzia 2006 serikali yao imekuwa ikitenga kama dola milioni 150 kwa mwaka kwa elimu ya ndoa na mafunzo ya akina baba, na ndiyo maana mengi ni ya bure na yana fomu nyingi. Mengi yake hufundisha mbinu zilizotokana na kazi ya watafiti kama Howard Markman na Scott Stanley wa chuo kikuu cha Denver: mmoja anasema, mwenzake anarudia alichokisikia kabla ya kujibu, kisha wanabadilishana. Mbinu hiyo ni nzuri, nami naipenda. Inamzuia mtu kujibu maneno ambayo hayakusemwa, na ugomvi mwingi wa nyumbani ni wa maneno ambayo hayakusemwa.

Lakini utafiti wa mwanzo uliojenga mafunzo hayo ulifanywa zaidi kwa Wamarekani weupe wa tabaka la kati, watu waliochaguana wenyewe, wanaokaa nyumba yao, na wazazi wao huja sikukuu. Kwa watu hao mama mkwe mwenye ufunguo ni tatizo, na dawa yake ni kumtoa. Kwa familia ya Kiyemeni ya Dearborn huyo mama ndiye aliyelea wajukuu wakati wengine wako kiwandani, ndiye anayejua nani kafiwa na nani kaposwa, na pengine ndiye aliyeuza dhahabu yake ili nyumba inunuliwe. Ukimwambia mwanawe mbele ya watu amwekee mipaka, yeye husikia: mvunjie heshima mzee wako, sisi tukitazama. Alifanya kile ambacho mtoto aliyelelewa vizuri angefanya.

Na mji wenyewe muutazame. Dearborn ina wakazi kama 110,000, na katika sensa ya 2020 zaidi ya nusu yao walijiandika kuwa na asili ya Mashariki ya Kati au Afrika Kaskazini. Hata mkienda mji wa jirani, chumba cha wanandoa kumi kinaweza kuwa na mtu anayesali msikiti mmoja na babake, au binamu ya mwenye duka mnaponunua nyama. Siri yenu mliyoisimamia katikati ya chumba ingefika nyumbani kabla ya gari lenu.

Ile fomu nayo usiidharau. Mnamo 2002 wanaume kutoka nchi nyingi za Kiislamu, Yemeni ikiwemo, ambao hawakuwa raia wala wakaazi wa kudumu, walitakiwa wajipeleke ofisi za uhamiaji kuandikishwa na kupigwa alama za vidole, na wapo waliokwenda kwa nia njema wakaishia kufukuzwa nchini. Mumeo ni raia, hakuguswa na hilo, lakini amekua akiwasikia wakubwa zake wakiambiana: usijaze karatasi usiyojua inakwenda wapi. Ukimpa mtu wa namna hiyo karatasi inayouliza kipato, rangi na kama anampiga mkewe, ameshafunga moyo kabla mwalimu hajafungua kinywa. Hilo la rangi lilimtia katika uongo wa kulazimishwa, kwani kwa miaka mingi serikali ya Marekani imewahesabu Waarabu kuwa ni Wazungu. Ni Machi 2024 tu ilipotangazwa kwamba watakuwa na nafasi yao katika fomu za serikali kuu.

Habari ya wifi yako, unayosema hujui kama ina uzito, kwangu mimi ndiyo nzito kuliko zote ulizoandika. Ubalozi wa Marekani mjini Sanaa, mji mkuu wa Yemeni, ulifungwa Februari 2015 kwa sababu ya vita, na Wayemeni wakawa wanavuka bahari kwenda Djibouti kuomba viza. Januari 2017 likaja katazo la kuingia Marekani, Yemeni ikiwa katika orodha, na likadumu kwa sura mbalimbali mpaka Januari 2021. Watu walikaa vyumba vya kupanga Djibouti wakila akiba, watoto wakikua bila baba au bila bibi. Na Juni 2025 Yemeni imerudishwa tena kwenye orodha. Mavyaa wako ni mama aliyeona mwanawe akizuiwa upande wa pili wa bahari, hana la kufanya ila kungoja simu. Ufunguo wa juu, kwake, ni kujua kwamba angalau huyu mmoja yupo. Mwalimu anayefaa angeuliza kwanza, "Nani mwingine anaishi katika ndoa hii, na amepitia nini?" Angelijua jambo hili siku ya kwanza, na wala asingegusa ufunguo mpaka siku ya tano.

Hayo nimeyasema kumtetea mumeo. Sasa nimgeukie yeye, na ningependa umsomee sehemu hii.

Mwanangu, mila yako haikupi ruhusa ya kuteremka na ugomvi wa chumbani kila asubuhi. Katika Suratul Baqara Mwenyezi Mungu amesema wake zenu ni vazi lenu, na nyinyi ni vazi lao. Vazi husitiri. Ukikaa kwa mamako na kikombe cha chai ukamweleza mkeo alivyosema usiku, umemvua nguo mbele ya mtu ambaye atakaa naye miaka thelathini. Wewe kesho utasahau na kumbusu mkeo. Mamako hatasahau, kwa sababu hakuwepo mlipopatana. Hili mwalimu wa Kimarekani angekwambia kwa lugha yake, na imamu angekwambia kwa aya, na wote wawili wangekuwa na haki.

Turudi kwako, Mgeni wetu. Kuna jambo hukulisema, ila lipo katika kila mstari: huna upande. Yeye ana baba, mama, dada, ami, mtaa mzima. Wewe una simu. Waarabu na Waswahili tuna njia yetu ya zamani ya kusuluhisha, nayo imeandikwa katika Suratun Nisaa, aya ya 35: mwamuzi mmoja kutoka jamaa ya mume, na mmoja kutoka jamaa ya mke. Angalia vizuri, ni mmoja na mmoja. Njia hiyo imevunjika nyumbani kwenu, kwa kuwa waamuzi wote ni wa upande mmoja. Mchague mtu wenu, mjomba au shangazi mwenye hekima na asiyependa maneno, umwombe mumeo akubali kwamba huyo ndiye mzee wako katika mambo makubwa. Hata akiwa Mombasa, simu ya video inatosha. Mume akijua kuna mtu mzima wa kwenu atakayemuuliza kwa heshima, "Baba, mambo vipi huko?", ataona kwamba hukuokotwa. Na mavyaa naye ataona hivyo hivyo.

Swali lako la pili, kama kuna mafunzo yanayowafaa. Yapo, lakini usihadaike na neno "Kiarabu" kwenye tangazo. Waarabu wa Marekani si kundi moja. Waliotangulia, mwisho wa karne ya 19, walikuwa wengi wao Wakristo kutoka Lebanoni na Siria ya leo. Wamaroni, kama Wakatoliki wengine, hupitia mafunzo kanisani kabla ya kufunga ndoa, na mjukuu wao wa kizazi cha nne huenda hajui Kiarabu zaidi ya majina ya vyakula. Mlebanoni wa Kishia wa Dearborn Mashariki ana desturi zake, Myemeni wa mtaa wa karibu na kiwanda ana zake. Mwalimu aliyefunzwa "utamaduni wa Kiarabu" kwa semina ya siku moja anaweza kuwakosea kuliko yule asiyejua kitu, kwa sababu atadhani anajua. Na wewe, Mswahili mwenye babu wa Hadhramaut, hakuna semina iliyokuandaa.

Basi mpigie simu mwalimu kabla ya kujiandikisha, umuulize. Je, anafanya kikao cha faragha cha wawili kabla ya darasa? Je, sehemu ya darasa wanaume hukaa na mwanamume na wanawake na mwanamke, hasa mkifika mambo ya kitandani? Je, kinachoandikwa kwenye fomu kinakwenda wapi, na mnaweza kuacha maswali wazi? Anafanyaje na wazazi: huwakaribisha siku moja, huwazungumzia, au hujifanya hawapo? Kisha mwambie wazi, "Mume wangu ni wa Ibb na mimi ni wa Mombasa," unyamaze usikilize. Akikuuliza swali, ni mtu mzuri. Akikueleza wewe ulivyo, mshukuru ukate simu. Mji wenu una bahati: kituo cha huduma za jamii ya Waarabu, kiitwacho ACCESS, kimekuwepo Dearborn tangu 1971 na kina wataalamu wa afya ya akili wanaozungumza Kiarabu. Anzia hapo, hata kama ni kuuliza tu wanamjua nani.

Mumeo akisema elimu ya ndoa ni mambo ya Wazungu, usikubali. Malaysia huwataka Waislamu wapitie kozi kabla ya kuoana. Nasi pwani tuna somo na kungwi tangu enzi za mababu, na nina hakika wewe ulifundwa kabla ya kuolewa. Kasoro yetu ni kwamba tunamfunda mwanamke peke yake. Bwana harusi hupewa kanzu, joho na utani wa rafiki zake, kisha anatarajiwa ajue. Muulize mumeo kwa upole nani alimfundisha yeye kuwa mume. Nadhani atakaa kimya, na katika kimya hicho mwambie kwamba hukumpeleka darasani kwa sababu ni mbaya.

Kuhusu kumlazimisha arudi kwa yule mwalimu: hapana. Chukua mbinu, acha jukwaa. Ile ya mmoja kusema na mwenzake kurudia mnaweza kuifanya kwenye gari, mkitazama barabara mbele. Wanaume wengi wa kwetu na wa kwao husema ukweli kwa urahisi zaidi wakiwa hawatazamwi usoni, na mwalimu mwenye akili angelijua hilo. Anza na jambo dogo, fedha kwa mfano. Mwambie, "Nataka kila mwezi mamangu apate kitu kutoka kwetu wawili, kama Ibb wanavyopata." Huko si kuomba hisani. Ni kanuni yake mwenyewe ya kuwajali wazee, nawe unaitaka ifike Mombasa.

Ufunguo uache mwisho, na usiudai wewe. Audai mwanawe, na asiudai kama ufunguo. Aende kwa mamake siku tulivu, amwambie, "Mama, mke wangu anakuonea haya ukimkuta hajajisitiri. Tugongee, naye atakufungulia mwenyewe." Haya ni lugha ambayo mama huyo anaielewa kuliko mipaka. Na wewe toa kitu upande wa pili: siku maalumu ya wiki, tuseme Ijumaa baada ya swala, ushuke kabla hujaitwa, ukamfanyie pilau, naye akufunze bint al-sahn, ule mkate wa tabaka wenye asali. Mama anayejua kwamba Ijumaa atakuona, atakuwa na haja ndogo ya kupanda Jumanne.

Hilo la "yule wa Afrika" linauma, na sitakwambia upuuze. Lakini lisahihishwe na mumeo, palepale, mbele ya wageni hao hao: "Huyu ni wa Mombasa, babu yake wa Shihr." Maneno hayo hayamdhalilishi mama na yanakupa nasaba yako. Uafrika wako nao usiufiche kwa kukimbilia Shihr. Una nyumba mbili za kujivunia, nawe una haki ya kuzitaja zote mbili.

Swali la mwisho, kama uende peke yako. Nenda. Mshauri wa faragha, mwanamke, anayeelewa familia za namna yenu, atakufaa hata kama mumeo hajawa tayari, na imamu wako akikutajia subira tena, mwombe pia akutajie jina la mshauri. Lakini usiende kwa siri. Mwambie mumeo kabla: siku gani, wapi, na kwamba katika kundi lolote la watu hutalitaja jina lake wala la mamake. Akikuuliza umesema nini huko, mweleze yako, na umwambie kiti chake kipo siku atakapotaka kusema ya kwake.